Namna ya kuomba ubadilishiwe muuguzi ukiwa wodi ya wazazi

Mama aliyelazwa wodi ya wazazi hachagui muuguzi wake, ila anaweza kuomba abadilishiwe. Si kosa kuomba, si utovu wa adabu, na hadaiwi ushahidi kama yuko mahakamani. Wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa sababu hospitali imekataa. Walimwambia mtu asiye na uwezo wa kubadilisha chochote, au walinyamaza mpaka hasira ikajaa, kisha yote yakatoka kwa kelele mbele ya wodi nzima.

Jua kwanza kazi inavyogawanywa. Wauguzi na wakunga hufanya kazi kwa zamu, kwa kawaida za saa 8 au 12. Kila zamu ina kiongozi wake, na huyo ndiye anayegawa watu: fulani atashika vitanda hivi, fulani chumba cha kujifungulia, fulani watoto wachanga. Mgao huo hauishi ulivyoanza. Mmoja ataitwa chumba cha upasuaji, mwingine atakimbilia mama aliyefika njia ikiwa imeshafunguka. Kwa hiyo kumhamisha muuguzi kutoka kitanda chako hadi cha jirani si jambo la kutikisa hospitali. Kiongozi wa zamu hufanya hivyo kila siku kwa sababu nyingine, na atafanya kwa sababu yako pia ukimwambia kwa namna inayoeleweka.

Hatua ya 1: Pima ni jambo gani hasa

Mambo matatu tofauti hutoka mdomoni kwa sentensi moja, "huyu nesi simtaki", na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni hatari. Damu inalowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, pumzi inakata, una homa na unatetemeka, mtoto tumboni amepunguza kucheza, au aliyekwisha kuzaliwa anabadilika rangi au hanyonyi kabisa, na muuguzi anakuambia utulie tu. Hapo usiombe kubadilishiwa mtu, omba msaada. Maneno ni machache: "Natoka damu nyingi, naomba daktari aje sasa hivi." Yarudie yaleyale kwa sauti, kwa mhudumu yeyote anayepita. Aliye nawe atoke akamwite mwingine, asibaki kubishana na huyo aliyepo. Habari ya nani akuhudumie itazungumzwa ukishakuwa salama.

Dawa nayo iko humohumo. Ukiona unakaribia kudungwa sindano usiyoijua, au unapewa dawa uliyokwisha kusema kwamba inakudhuru, zuia kwa mkono na useme, "Subiri kwanza sista, hiyo ni dawa gani na ni ya nini?" Muuguzi anayeijua kazi yake hanuni kwa swali hilo. Amefundishwa kuhakikisha mgonjwa, dawa, kipimo, njia ya kuitoa na saa yake kabla ya kumpa mtu chochote, na swali lako ni kumsaidia tu.

La pili ni kuvunjiwa heshima. Kupigwa kofi pajani, kutukanwa, kuchekwa kwa kulia, kupimwa njia bila kuulizwa, siri yako kutajwa mbele ya wagonjwa wengine, kunyimwa dawa ya maumivu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko likiyataja mambo ya aina hii moja kwa moja, na kusema kuwa kila mwanamke ana haki ya huduma yenye heshima wakati wa ujauzito na kujifungua. Mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma ya uzazi yakaweka wazi yanayotakiwa: heshima na faragha, mawasiliano yanayoeleweka, na mtu wa kuwa nawe uliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo hapa huombi upendeleo. Mficha uchi hazai, sawa, na usemi huo mama mzazi ataambiwa mara nyingi kuliko anavyopenda. Lakini kujifunua ili upimwe ni jambo moja, na kuachwa umelala miguu imepanuliwa, pazia halijavutwa na watu wanapita, ni jambo jingine kabisa.

La tatu ni kutoelewana tu. Anaongea harakaharaka, anakukatiza, uso wake mkavu, au anayokuambia kuhusu kunyonyesha yanapingana na aliyokuambia mwenzake wa asubuhi. Hili nalo linatosha kuombea mabadiliko, kwa sababu mama mwenye hofu au aliyeudhika hapumui vizuri, hasikilizi vizuri, na husita kusema anapoona dalili mbaya. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mama anayemwogopa muuguzi wake atakaa na maumivu ya kichwa saa tatu bila kusema.

Hatua ya 2: Tenga ukali na kazi

Kabla ya kuomba chochote, jiulize kama kilichokuudhi ni mtu au ni kazi ambayo hata muuguzi mwingine angeifanya vilevile. Wodi ya wazazi ina mambo mengi yanayouma, na yanayouma yana mikono ya mtu.

Kondo la nyuma likishatoka, utakandwa tumbo chini ya kitovu, tena kwa nguvu. Inauma kwelikweli. Anayekanda anahakikisha mji wa mimba umekaza, maana ukilegea ndipo damu humwagika. Usiku utaamshwa upimwe presha, joto na mapigo, na pedi iangaliwe, ukiwa ndio kwanza umepata usingizi. Saa 24 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zinazohitaji macho zaidi, na damu haijali kwamba umelala. Ukisubiri upasuaji utakatazwa kula, kwa sababu tumbo lenye chakula ni hatari unapopewa dawa ya usingizi. Uchungu ukikolea, mapigo ya moyo wa mtoto yatasikilizwa kila baada ya dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila baada ya dakika 5, hata kama umechoka kuguswa. Na mtoto anapokaribia kutoka utasikia amri fupifupi: sukuma, acha, pumua, usisukume. Haongei hivyo kwa dharau. Wakati huo sentensi ndefu haifiki masikioni.

Kupimwa njia kuna utata kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila baada ya saa 4 kwa mama asiye na tatizo ambaye uchungu wake umekolea, yaani kuanzia njia inapofunguka sentimita 5. Ukipimwa mara nyingi zaidi huenda ipo sababu, na unastahili kuambiwa sababu hiyo. Watu watatu kukupima mmoja baada ya mwingine ili wajifunze si sababu ya kitabibu. Kukataa kupimwa na wanafunzi ndilo ombi jepesi kuliko yote wodini, nalo halihitaji maelezo: "Naomba nipimwe na mtu mmoja tu, na wanafunzi wasubiri nje."

Kuchelewa pia kupime kabla ya kukasirika. Umebonyeza kengele, dakika zinakwenda, hakuna anayekuja. Tega sikio. Kama chumba cha pili kuna mama anasukuma, unajua muuguzi wako yuko wapi, na wewe ungetaka awe hapohapo zamu yako ikifika. Muuguzi aliyezidiwa na kazi hageuki kuwa mzuri kwa kubadilishwa, maana na huyo mwingine amezidiwa vilevile. Hapo malalamiko ni ya idadi ya watu kazini, na hilo linapelekwa kwa uongozi.

Njia rahisi ya kutenga ukali na kazi ni kuuliza kwa nini. "Sista, mbona unanikanda hivi?" Anayeeleza, hata kwa mkato, anaweza kuvumilika. Ambaye swali kwake ni kosa, anayejibu "kwani wewe ndiye daktari?", huyo nenda naye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Mwambie mwenyewe mara moja, kama unaweza

Si lazima. Kama amekupiga, amekutukana au unamwogopa, ruka hatua hii bila kujilaumu. Lakini kwa mambo ya kutoelewana, neno moja la moja kwa moja mara nyingi humaliza kazi, kwa sababu mtu anayehudumia wagonjwa wengi kwa siku haoni kila alichofanya.

Sema alichofanya, sema unachotaka, nyamaza. "Sista, ulipovuta shuka bila kuniambia nilishtuka. Naomba kabla hujanigusa uniambie kwanza." Usianze na "wewe una dharau" wala "nyie wauguzi". Ukitaja tabia yake atajitetea. Ukitaja shuka, ataikumbuka shuka. Subiri uone anavyofanya mara ijayo atakapokuja kitandani. Akibadilika, mambo yameisha na hujapoteza chochote. Akikuiga sauti kwa kebehi au akaendelea vilevile, sasa unayo sentensi itakayokusaidia huko mbele: "Nimemwambia mwenyewe, haijasaidia."

Hatua ya 4: Mtafute anayegawa kazi

Majina ya vyeo hutofautiana: kiongozi wa zamu, muuguzi mfawidhi wa wodi, sista mkuu. Usihangaike na cheo, uliza kazi: "Nani anaongoza zamu hii?" Mhudumu yeyote atakuonyesha. Kama anayeongoza zamu ndiye huyohuyo unayetaka kuepukana naye, jambo ambalo hutokea hasa usiku, uliza nani yuko juu yake. Hospitali kubwa huwa na msimamizi wa usiku wa hospitali nzima, na mchana yupo metroni, yaani mkuu wa wauguzi.

Daktari hagawi wauguzi. Hata hivyo, akija kukuona, unaweza kumwambia, na neno lake kwa kiongozi wa zamu lina uzito. Hospitali nyingi zina pia ofisi ya kupokea malalamiko au afisa wa ustawi wa jamii. Hao ni wa mchana, na kwa kawaida wanafaa zaidi kwa mambo mazito kuliko kwa kubadilishana zamu ya saa chache. Usimwambie mfanya usafi, mwanafunzi, wala muuguzi aliyekaa dawatini akipiga soga na huyohuyo unayemlalamikia. Maneno yatafika, ila yatafika yakiwa umbea.

Hatua ya 5: Chagua wakati

Wakati mzuri ni kama nusu saa hadi saa moja kabla ya zamu kubadilishana. Kiongozi anayeondoka anakuwa anaandaa makabidhiano, na anayeingia hajagawa watu bado, kwa hiyo jina lako linapangwa upya bila mtu yeyote kuhamishwa katikati ya kazi. Wakati mbaya ni makabidhiano yenyewe yanapoendelea. Hapo wanapeana habari za kila mgonjwa na kuhesabu dawa, na ukiwakatiza utaambiwa usubiri, kisha usahaulike.

Kama umevunjiwa heshima, usisubiri zamu iishe. Omba sasa hivi.

Ukiwa umeshaanza kusukuma, kumwondoa muuguzi chumbani si jambo la busara, na hakuna atakayekubali. Mtu anayejua mapigo ya moyo wa mtoto yalivyokwenda saa nzima iliyopita ana thamani kuliko mgeni anayeingia dakika ya mwisho. Unachoweza kuomba hapo ni mtu wa pili aingie: "Naomba na mwenzako awepo." Ombi hilo hukubalika kirahisi, kwa kuwa mara nyingi panahitajika mikono mingine ya kumpokea mtoto.

Hatua ya 6: Sema kwa ufupi

Mazungumzo yakienda vizuri huwa mafupi hivi:

"Samahani sista, wewe ndiye unaongoza zamu?"

"Ndiyo mama, kuna nini?"

"Naomba nibadilishiwe muuguzi. Mimi na anayenihudumia hatuelewani, nimemwambia mwenyewe na haijasaidia. Nikimwona anakuja najikaza mwili mzima."

"Amekufanya nini?"

"Amenipima mara mbili bila kuniambia. Nilipomwomba aache kidogo, akaendelea."

"Basi ngoja nione nani ana nafasi."

"Asante. Nitajibiwa baada ya muda gani?"

Angalia yaliyomo humo. Ombi limetangulia, sababu ikafuata, wala mama hakuanza kusimulia tangu alipopokelewa getini. Alipoulizwa akataja tendo, hakutaja tabia. Na swali la mwisho ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote: bila kutaja muda, "ngoja nione" huyeyuka. Ukishaambiwa "baada ya nusu saa", una haki ya kukumbushia nusu saa ikipita, na hakuna atakayekuona msumbufu.

Kama hutaki kueleza, sema hivyo: "Nisingependa kueleza sasa, ila nahitaji mtu mwingine." Kiongozi mwenye uzoefu ataelewa, na huenda akaja kukuuliza faraghani baadaye. Kama kilichotokea ni kipigo au matusi, ni vizuri ukitaje, kwa sababu hilo halimalizwi kwa kuhamishwa kitanda kimoja. Mama atakayelala kwenye kitanda hicho kingine atakuwa na hali gani?

Usitishie kumwanika mtu mtandaoni. Usichukue video wodini. Pembeni yako kuna wanawake wengine waliolala bila nguo za kutosha, na picha yao si mali yako. Na usijaribu kutoa chochote mfukoni ili upewe muuguzi mzuri. Ukianza kununua heshima, kila zamu itakuletea bei yake.

Sababu nyingine hazikubaliki, na hazistahili kukubalika: kabila la muuguzi, dini yake, rangi yake, au kwamba ni kijana. Muuguzi kijana aliyemaliza masomo juzi mara nyingi ndiye anayefuata mwongozo neno kwa neno. Kutaka mhudumu wa kike ni ombi la kawaida na hospitali nyingi hujitahidi kulitimiza, lakini liseme mapema, ikiwezekana tangu kliniki, na ujue kwamba dharura ikitokea atakuja aliyepo.

Hatua ya 7: Mtumie aliye nawe

Kwa kweli mama mwenye uchungu kila baada ya dakika tatu hawezi kuendesha mazungumzo ya kiofisi. Hii ni kazi ya aliyemsindikiza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu anayemtaka karibu yake wakati wa uchungu na kujifungua, na chati yake ya kufuatilia uchungu iliyotolewa mwaka 2020 ina nafasi ya kujaza kama mama ana mtu huyo au hana. Kama wodi yenu inaruhusu, mwandae kabla ya siku yenyewe.

Mkubaliane ishara. Ukimbana mkono mara mbili, maana yake nimeshindwa na huyu, nenda kaombe. Atoke nje ya chumba, amkute kiongozi wa zamu pembeni, aongee kwa sauti ya kawaida: "Mke wangu ameniomba niseme kwa niaba yake", au dada yangu, au binti yangu. Asianze na historia ya ukoo. Pia ajue mipaka yake: anaomba mhudumu, haamui matibabu. Upimwe au usipimwe, uongezewe njia kwa kukatwa kidogo ili mtoto apite au usiongezewe, hilo ni jibu lako mwenyewe maadamu una fahamu zako.

Na mchague kwa kuangalia hulka, usiangalie cheo chake katika familia. Mume mwenye hasira za haraka anaweza kuwa baba mzuri sana na bado asifae kwa kazi hii. Mkigombana na wodi, atakayeombwa kutoka nje ni yeye, na wewe utabaki peke yako.

Hatua ya 8: Ukiambiwa "hatuna mwingine"

Wakati mwingine ni kweli. Usiku, katika kituo kidogo, wodi nzima inaweza kuwa na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Usikate tamaa hapo, punguza ombi. Omba kitu kimoja kinachokuumiza kifanywe na mtu mwingine, mengine huyo aendelee nayo: mwingine akupime njia, au mwingine akusaidie kumweka mtoto kwenye titi, au mwingine akusafishe mshono. Omba mtu wa pili asimame unapohudumiwa. Omba kiongozi mwenyewe apite kitandani kwako mara kwa mara hadi zamu iishe. Au omba tu awakalishe mkubaliane mbele yake: ataniambia kabla hajanigusa, nami nikisema subiri, atasubiri uchungu upite. Makubaliano yanayofanyika mbele ya kiongozi hushika kuliko ya wawili peke yao.

Mwisho uliza zamu itabadilika saa ngapi, na uombe ombi lako liingizwe kwenye makabidhiano. Zamu ikiingia, usidhani wameambiwa. Rudia mwenyewe.

Jambo moja usilifanye: kuondoka. Wapo akina mama wanaotaka kuruhusiwa mapema kwa sababu tu wamechoka na mtu mmoja. Baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida bila tatizo, inapendekezwa mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24, na baada ya upasuaji huwa zaidi. Katika saa hizo zamu itabadilika mara mbili au tatu, kwa hiyo muuguzi huyo ataondoka kabla yako. Damu ikianza kutoka ukiwa nyumbani, hakuna zamu yoyote ya kukupokea mlangoni.

Hatua ya 9: Ukishabadilishiwa

Kila mtu mpya anapoingia katikati ya zamu, kuna habari inayoanguka njiani. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kubadilishiwa muuguzi, kubwa kuliko aibu yoyote. Kwa hiyo mpya akifika, usianze kumsimulia ubaya wa yule. Mwambie yanayohusu mwili wako: dawa zinazokudhuru, dawa ya maumivu ya mwisho ulipewa saa ngapi, chupa ilipasuka saa ngapi na maji yalikuwa na rangi gani, ulipimwa mara ya mwisho lini na njia ilikuwa sentimita ngapi, presha yako ilikuwaje kliniki, una kundi gani la damu kama unalijua. Kama umeshajifungua: pedi ngapi zimelowa, umekojoa au bado, mtoto amenyonya saa ngapi. Vingi vimeandikwa kwenye faili, ila kumsikia mama mwenyewe akivitaja humfanya asome kwa makini.

Hofu kubwa ya wengi ni kulipiziwa. Kwamba yule aliyeondolewa atawaambia wenzake, na kuanzia hapo kengele yako itakuwa ya mwisho kujibiwa. Siwezi kusema haitokei. Ila kinachokulinda ni kumbukumbu: kila dawa na kila kipimo kina saa yake kwenye chati. Ukiona saa ya dawa imepita, uliza, "Dawa yangu ilikuwa ya saa mbili, imeandikwa?" Swali kuhusu chati hujibiwa haraka kuliko lawama, kwa kuwa chati ina sahihi ya mtu. Likijirudia, rudi kwa kiongozi wa zamu na utaje saa, usitaje hisia.

Yule wa kwanza utamwona tena akipita na toroli. Msalimie, yaishe. Huna deni la kumwomba radhi wala kumweleza.

Hatua ya 10: Andika, kama jambo lilikuwa zito

Kutoelewana kukishatatuliwa hakuhitaji barua. Kupigwa, kutukanwa, kufanyiwa kitu bila ridhaa au kutelekezwa ukiwa katika hatari kunahitaji, hata kama ulibadilishiwa muuguzi na mengine yakaenda vizuri.

Andika siku hiyohiyo au kesho yake, kwenye simu kama huna karatasi: tarehe, saa, chumba na kitanda, kilichofanyika, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, ulimwambia nani na akajibu nini. Kama hukushika jina la muuguzi, tarehe na saa zinatosha, kwa sababu hospitali ina orodha ya waliokuwa zamu. Barua iende kwanza kwa uongozi wa hospitali. Usiporidhika na majibu, nchi nyingi zina baraza linalosajili wauguzi na wakunga, na baraza hilo hupokea malalamiko ya wananchi. Sanduku la maoni lililoning'inizwa ukutani linafaa kwa mambo ya usafi wa choo. Kwa jambo la namna hii peleka barua mkononi, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kama yupo muuguzi aliyekutunza vizuri baada ya mabadiliko, mtaje naye katika barua hiyohiyo, kwa jina. Uongozi ukisoma kwamba mama huyuhuyu anajua kushukuru, malalamiko yake huyachukulia kwa uzito zaidi. Na kabla hujaruhusiwa, uliza utaratibu wa kupata nakala au muhtasari wa faili lako. Ukiwa bado wodini unaelekezwa palepale. Ukisharudi nyumbani na mtoto mchanga, kufuatilia karatasi hiyo kunaweza kukuchosha hadi uache.